Kumfuata Jane hadi Utah: mwongozo kamili wa kusoma nyaraka za Wamormoni wa mwanzo na safari yao ya magharibi

Aprili 1849, katika bonde la Salt Lake, Eliza Partridge Lyman aliandika katika shajara yake kwamba mumewe amekwenda California kwa kazi ya kanisa, na nyumbani hakuna kitu cha kufanyia mkate. Kisha akaandika kwamba Jane James, mwanamke mweusi, amempa ratili mbili za unga, karibu nusu ya ule aliokuwa nao.

Jane mwenyewe, alipokuja kusimulia maisha yake akiwa bibi kizee, alieleza jinsi wanawe walivyolilia mkate naye hana wa kuwapa. Unga aliompa jirani hakuutaja. Kama Eliza asingekuwa na desturi ya kuandika, kitendo kile kingezikwa pamoja na waliokitenda. Tangu nisome mstari ule nimekuwa nikimtafuta Jane katika kila karatasi ninayoweza kuifikia, na mwongozo huu umetokana na njia nilizopita. Ukishazijua, utaweza kumfuata msafiri mwingine yeyote wa safari ile.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kuzijua nyaraka hizi. Hadi Juni 1978 Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake ndio wanaojulikana kama Wamormoni, halikuwapa wanaume weusi ukuhani, wala halikuwafungulia weusi wote, wake kwa waume, ibada za juu za hekaluni. Leo kanisa hilo lina waumini Nairobi, Dar es Salaam na Lubumbashi, na huko Salt Lake City kwenyewe wanaishi Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili. Anayetaka kujua katazo lile lilianzaje, na watu weusi waliokuwamo tangu mwanzo walikuwa akina nani, jibu lake liko katika karatasi za miaka ya 1830 hadi 1850. Muumini na asiye muumini watapita mlango uleule.

Hatua ya 1: Ijue njia kabla ya kutafuta jina

Kila mahali Wamormoni walipokaa waliacha karatasi katika ofisi tofauti. Usipojua mtu wako alikuwa wapi mwaka gani, utatafuta Illinois mtu aliyekuwa bado Ohio.

Joseph Smith alilianzisha kanisa tarehe 6 Aprili 1830 huko Fayette, jimbo la New York. Mwaka uliofuata waumini walihamia Kirtland, Ohio, na wengine wakaenda wilaya ya Jackson, Missouri, ambako walifukuzwa mwaka 1833. Waliendelea kukaa wilaya nyingine za Missouri mpaka tarehe 27 Oktoba 1838, Gavana Lilburn Boggs alipotoa amri kwamba waangamizwe au wafukuzwe jimboni. Siku tatu baadaye watu 17 waliuawa katika kijiji cha Haun's Mill. Waliosalia walivuka Mto Mississippi wakajenga mji wa Nauvoo, Illinois, kuanzia 1839. Joseph na kaka yake Hyrum waliuawa na kundi la watu wenye silaha katika jela ya Carthage tarehe 27 Juni 1844.

Safari ya magharibi ilianza tarehe 4 Februari 1846, magari ya kwanza ya kukokotwa na wanyama yalipovuka Mississippi wakati wa baridi kali. Walipita Iowa kwenye matope, wakapiga kambi Winter Quarters, ambayo leo ni sehemu ya mji wa Omaha, Nebraska. Aprili 1847 Brigham Young, aliyeshika uongozi baada ya Joseph Smith, aliongoza kundi la kwanza la watu 148, nao wakaingia bonde la Salt Lake mwishoni mwa Julai. Misafara iliendelea kila mwaka hadi 1868. Tarehe 10 Mei 1869 reli ya kuunganisha mashariki na magharibi ilikamilika, na safari ya miguu ikaisha. Kwa jumla walisafiri watu takriban 60,000 hadi 70,000.

Andika tarehe hizi kwenye karatasi moja uibandike mbele yako. Mimi ninayo hadi leo.

Hatua ya 2: Chagua mtu mmoja, ukusanye majina yake yote

Usianze na "watangulizi" (pioneers), yaani wahamiaji wa safari ile, kwa ujumla. Anza na mtu mmoja, na kabla ya kufungua tovuti yoyote orodhesha kila namna jina lake linavyoweza kuandikwa. Makarani wa wakati ule waliandika walivyosikia. Elijah Able, mtu mweusi aliyepewa ukuhani mwaka 1836, anaonekana pia kama Abel na Ables. Jane alizaliwa Manning na akaolewa na Isaac James, hivyo utamkuta kama Jane Manning, Jane James, Jane Elizabeth, na mara nyingine kama "Aunt Jane" tu, yaani Shangazi Jane.

Umri nao usiuamini upesi. Kwa Jane, karatasi mbalimbali zinataja miaka ya kuzaliwa inayopishana kuanzia 1813 hadi 1822. Usichague mmoja kwa haraka. Andika yote, na mbele ya kila mwaka andika nani alisema, na lini.

Maneno ya kutafutia pia yana historia. Magazeti ya miaka ya 1830 hupenda kusema "Mormonites". Wao wenyewe walijiita "Saints", yaani Watakatifu, na wasio wa dini yao wakawaita "Gentiles". Msafara wao waliuita "Camp of Israel". Ukitafuta neno "Mormon" peke yake utakosa nusu ya vilivyopo.

Hatua ya 3: Milango minne ya kuanzia, yote bila malipo

Mlango wa kwanza ni Church History Library ya Salt Lake City, hifadhi kuu ya kanisa. Katalogi yake iko kwenye intaneti, na sehemu kubwa ya shajara, barua na kumbukumbu za vikao imepigwa picha, hivyo unaisoma ukiwa kwako. Si kila kitu kimefunguliwa. Yaliyo ya siri, ya faragha, au yanayohusu ibada takatifu hubaki yamefungwa, na katalogi hukuambia hivyo. Ukikuta waraka ulio wazi lakini haujapigwa picha, waandikie wakutubi wao. Taja namba ya waraka na kurasa unazohitaji, na uombe kwa adabu.

Hifadhi hiyohiyo ina kanzidata ya wasafiri wa nchi kavu wa 1847 hadi 1868, ambayo sasa imo ndani ya Church History Biographical Database. Unaandika jina, unapata msafara, tarehe ya kuondoka na ya kufika, na orodha ya maandishi yote yanayojulikana kuhusu msafara huo. Huu ndio mlango ninaowashauri wote waanze nao.

Wa pili ni Joseph Smith Papers. Nyaraka za Joseph Smith zimewekwa hapo picha kando ya maandishi yaliyochapwa upya, pamoja na maelezo ya wanahistoria. Mfululizo wa vitabu vyake ulianza kutoka 2008 ukakamilika 2023, juzuu 27. Kwa kipindi cha kabla ya Julai 1844 hakuna kazi nadhifu zaidi ya hii.

Wa tatu ni FamilySearch. Unafungua akaunti bure, nawe unapata sensa, vitabu vya ubatizo, makaburi na hati za mashamba. Baadhi ya picha zake hufunguka tu ukiwa katika vituo vyao, ambavyo aghalabu viko ndani ya majengo ya kanisa hilo. Asiye muumini anakaribishwa huko pia.

Wa nne ni mradi wa Chuo Kikuu cha Utah uitwao Century of Black Mormons, unaoandika maisha ya watu weusi waliobatizwa katika miaka 100 ya kwanza ya kanisa na kuambatanisha picha za nyaraka zenyewe. Kwa anayemfuata Jane au Elijah Able, hapa pana kazi ambayo mtu mmoja asingeimaliza maishani.

Baadaye utahitaji na hifadhi nyingine: Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Provo, Huntington Library ya California, Beinecke ya Yale, na hifadhi ya Community of Christ huko Independence, Missouri. Hawa wa mwisho ni waumini ambao hawakumfuata Brigham Young.

Hatua ya 4: Tafuta msafara, kisha nahodha, kisha kumi

Hapa watu wengi hupotea. Januari 1847 Brigham Young alitoa agizo, ambalo leo ni sehemu ya 136 ya Mafundisho na Maagano, kitabu cha maandiko cha kanisa hilo, kwamba watu wapangwe kwa mamia, hamsini na makumi, kila kundi na nahodha wake. Matokeo yake msafara mmoja una majina mawili au matatu, kwa kuwa mmoja anautaja kwa jina la nahodha wa mia, na mwingine anautaja kwa nahodha wa hamsini. Jane na Isaac walisafiri 1847 katika msafara wa Daniel Spencer, hamsini ya Ira Eldredge, wakafika Septemba. Ukitafuta "Eldredge" peke yake, au "Spencer" peke yake, unaweza kudhani hawakuwamo.

Ukishapata hamsini yake, andika majina ya watu wote waliokuwa katika kundi hilo. Usiliruke hili hata kama jina lako umeshaliona. Hao ndio waliokula naye, waliovuka naye mito, na baadhi yao waliandika.

Hatua ya 5: Kama alivuka bahari, anza na merikebu

Watangulizi wengi walikuwa Waingereza, Waskoti, Wawelshi na Wadenmark. Kundi la kwanza la watu 41 liliondoka Liverpool Juni 1840 kwa merikebu Britannia. Wakala wa kanisa hapo Liverpool aliandika rejista yake ya abiria, na serikali ya Marekani nayo ikapokea orodha bandarini, mara nyingi New Orleans katika miaka ya mwanzo, kisha New York, Boston na Philadelphia kuanzia 1855. Soma zote mbili. Aliyeandikishwa Liverpool si lazima awe alipanda, na aliyepanda si lazima awe alifika. Kanzidata ya Saints by Sea huziweka pamoja orodha za merikebu na masimulizi ya abiria.

Usisahau deni, maana deni huacha karatasi. Mwaka 1849 kanisa lilianzisha Perpetual Emigrating Fund, mfuko wa kuwakopesha nauli maskini, wao wakifika Utah walipe ili wengine nao wavushwe. Wengi hawakuweza kulipa. Mwaka 1877 ikachapishwa orodha ya wadaiwa, na jina la mtu ambaye hakuandika hata barua moja linaweza kupatikana humo kwa sababu tu ya nauli aliyodaiwa. Mfuko ulivunjwa na sheria ya Marekani mwaka 1887.

Mfano mzuri wa kuunganisha merikebu na nchi kavu ni mwaka 1856. Merikebu Thornton iliondoka Liverpool tarehe 4 Mei na waumini 764. Wengi wao waliingia msafara wa James Willie, uliotoka Iowa City tarehe 15 Julai wakisukuma mikokoteni, kwa sababu mfuko haukuwa na fedha za kununua maksai na magari. Msafara wa Edward Martin ulifuata tarehe 28 Julai. Walichelewa mno. Theluji ya Oktoba iliwakuta Wyoming, na katika misafara hiyo miwili walikufa zaidi ya watu 200 kabla na baada ya waokoaji kutoka Salt Lake kuwafikia. Msafara wa Willie ulikuwa na shajara rasmi. Karani aliandika siku kwa siku majina ya waliofariki na umri wao. Nimesoma mengi ya msiba ule, lakini sijaona kinachofikia kurasa za Oktoba za karani yule, aliyelazimika kuendelea kuhesabu.

Hatua ya 6: Soma shajara za waliokuwa kando yake

Hatua hii ndiyo iliyonipa Jane wa unga, na ndiyo itakayokupa mtu wako. Watu wa tabaka la chini, wanawake wasiojua kuandika, watumwa na watoto huonekana katika karatasi za wengine. Chukua orodha uliyoandika katika hatua ya 4, tafuta kila mwenye shajara, na usome zile wiki tu ambazo mtu wako alikuwa karibu naye.

Ili ujue walikuwa wapi siku fulani, tumia kazi ya William Clayton, karani wa kundi la kwanza la 1847. Yeye alichoshwa na watu kukisia umbali. Tarehe 8 Mei alifunga kitambaa kwenye gurudumu la gari na kulihesabu likizunguka siku nzima: mara 4,070. Alijua gurudumu lile likizunguka mara 360 linakuwa limekwenda maili moja, kwa hiyo siku ile walikwenda zaidi kidogo ya maili 11. Siku chache baadaye kikatengenezwa chombo cha mbao cha kuhesabu badala yake, na mwaka 1848 Clayton akachapisha St. Louis mwongozo wa njia, wenye kila mto na kilima kutoka Winter Quarters hadi Salt Lake, maili 1,031. Wasafiri waliofuata waliubeba. Shajara ikisema "tumelala karibu na Chimney Rock", mwamba mrefu ulio njiani, mwongozo wa Clayton hukuonyesha wamebakiza maili ngapi.

Shajara ya Thomas Bullock, karani mwingine wa 1847, na ya Wilford Woodruff, aliyeandika tangu 1833 hadi 1898, zina majina mengi kuliko nyingine nyingi. Magazeti nayo yasome: Times and Seasons la Nauvoo, Millennial Star la Uingereza lililoanza 1840, na Deseret News la Salt Lake lililoanza Juni 1850.

Hatua ya 7: Uliza iliandikwa lini, na kwa mkono wa nani

Hatua hii ina uzito kuliko zote, na naomba uisome polepole.

Simulizi la Jane alilitamka mwenyewe, na Elizabeth Roundy akaliandika, mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani yake anaeleza jinsi mwaka 1843 yeye na ndugu zake walivyonyimwa nafasi ya kuendelea na safari kwa chombo cha majini walipofika Buffalo, wakatembea kwa miguu hadi Nauvoo, maili zipatazo 800, miguu ikapasuka hata nyayo zao zikaacha damu ardhini. Anasema walipofika Peoria walitishiwa jela kwa kukosa hati za kuthibitisha kwamba si watumwa. Naliamini simulizi lile. Lakini liliandikwa karibu miaka 60 baada ya safari, na msimulizi alikuwa na jambo moyoni. Kwa miaka mingi Jane alikuwa akiwaomba viongozi ruhusa ya ibada za hekaluni. Mwaka 1884 alimwandikia John Taylor, rais wa kanisa, akaendelea kuomba. Tarehe 18 Mei 1894 walimfanyia ibada ya kumuunganisha na nyumba ya Joseph Smith kama mtumishi. Hakuruhusiwa kuingia, na mwanamke mwingine alisimama badala yake. Jane hakuridhika, akaendelea kuomba hadi alipofariki tarehe 16 Aprili 1908. Ukijua hayo, utasoma simulizi lake kama maneno ya mwanamke anayetoa ushahidi wa haki yake.

Basi kwa kila waraka andika tarehe mbili: ya tukio na ya maandishi. Shajara ya siku ileile ina uzito mmoja, na kumbukumbu ya miaka 40 baadaye ina mwingine. Zote zina kazi, ila usizichanganye.

Mikono nayo huchanganyika. Historia ndefu ya Joseph Smith imeandikwa kwa "mimi", kana kwamba ni sauti yake mwanzo hadi mwisho. Kwa kweli sehemu kubwa iliandikwa na makarani, nao waliimaliza mwaka 1856, miaka 12 baada ya kifo chake. Walichukua shajara za watu wengine na kugeuza "yeye" kuwa "mimi". Ukitaka kunukuu kauli ya Joseph, rudi kwenye shajara ya asili katika Joseph Smith Papers.

Hotuba vilevile. George D. Watt aliandika hotuba za Brigham Young kwa hati mkato, kisha zikahaririwa kabla ya kuchapwa. LaJean Purcell Carruth amekuwa akiisoma hati mkato hiyo upya, na maneno yaliyotamkwa yanatofautiana na yaliyochapwa. Kwa mjadala wa Januari na Februari 1852 katika baraza la kutunga sheria la Utah, ulioambatana na sheria ya kuruhusu utumwa wa weusi na kauli ya Young ya kuwanyima ukuhani, tofauti hizo si ndogo.

Halafu kuna neno "servant", mtumishi. Katika kundi la kwanza la 1847 walikuwamo Green Flake, Hark Lay na Oscar Crosby, weusi watatu. Mnara wa kumbukumbu uliosimamishwa Salt Lake City mwaka 1897 unawaorodhesha kama watumishi weusi. Walikuwa watumwa. Kila ukikutana na neno hilo mbele ya jina la mtu mweusi, simama na uulize alilipwa na nani. Utumwa katika Utah ulikoma kwa sheria ya Marekani ya Juni 1862.

Sensa pia zina mitego. Ile ya 1850 kwa Utah ilifanywa 1851, kwa hiyo umri unaweza kupishana kwa mwaka. Ile ya Utah yenyewe ya 1856 ilijazwa majina kupita kiasi, viongozi wakitaka idadi ya kutosha kuomba hadhi ya jimbo. Humo utakuta mtu ameandikwa mara mbili, na waliokwisha kufa wakihesabiwa kuwa hai. Usiitumie peke yake kuthibitisha chochote.

Mwisho wa hatua hii ni kughushi. Katika miaka ya 1980 Mark Hofmann, mfanyabiashara wa nyaraka wa Salt Lake City, aliuza barua na hati nyingi alizozitengeneza mwenyewe, mojawapo ikiwa barua aliyodai iliandikwa na Martin Harris, mmoja wa wafuasi wa kwanza wa Joseph Smith, mwaka 1830. Wataalamu walidanganyika, na kanisa likadanganyika. Alipobanwa na madeni na ahadi alitega mabomu, na tarehe 15 Oktoba 1985 watu wawili waliuawa. Wachunguzi waliiweka wino wake chini ya hadubini wakaona imepasukapasuka kwa namna ambayo wino ya kweli ya karne ya 19 haipasuki. Alikiri Januari 1987. Kwa hiyo ukisoma makala au kitabu cha miaka ile ya 1980, hakikisha waraka kinaoutegemea haukupitia mikononi mwake.

Hatua ya 8: Zoea mwandiko

Tenga wiki mbili za kusoma picha kando ya maandishi yaliyochapwa, ukifunika yaliyochapwa kwa karatasi na kukisia kwanza. Vifupisho vichache vitakuokoa. "Wm" ni William, "Jas" ni James, "Jno" ni John, "Thos" ni Thomas. "Inst." baada ya tarehe ni mwezi huuhuu, na "ult." ni mwezi uliopita, ukikosea hapo unamsogeza mtu siku 30. "Do" kwenye orodha ni "kama hapo juu". Herufi s ya kwanza katika ss mara nyingi ni ndefu, inafanana na f.

Hatua ya 9: Sikiliza na upande wa pili

Wamormoni waliandika sana, na wingi huo unaweza kukufanya uone kila kitu kwa macho yao. Hifadhi ya jimbo la Missouri ina karatasi za vita ya 1838, pamoja na amri ya Boggs, ambayo ilifutwa rasmi na gavana mwingine mwaka 1976 tu. Hifadhi ya Taifa ya Marekani inatunza madai ambayo Wamormoni waliyapeleka Washington kuomba fidia, na pia barua za maofisa wa serikali waliosimamia mambo ya wenyeji. Winter Quarters ilikuwa ardhi ya Waomaha. Bonde la Salt Lake lilikuwa na Washoshone na Wautes kabla ya gari la kwanza kuingia. Katika shajara za watangulizi utawakuta wenyeji kama wezi wa ng'ombe au waombaji wa chakula, mara chache sana kama wenye nchi. Tarehe 29 Januari 1863 jeshi la Marekani liliwaua Washoshone kwa mamia kando ya Mto Bear. Soma ripoti za jeshi, soma shajara za majirani, na usikome hapo: wazao wa waliouawa bado wapo na wamesimulia.

Hatua ya 10: Andika ulichokiona kabla hujafunga ukurasa

Mwaka wangu wa kwanza nilinakili sentensi nzuri kutoka barua moja bila kuandika namba yake. Ilinichukua miezi mitatu kuipata tena. Sasa kwa kila waraka naandika vitu sita kabla ya jambo lolote: jina la mwandishi, tarehe ya tukio, tarehe ya kuandikwa, jina la hifadhi, namba ya waraka, na namba ya picha au ukurasa. Halafu naandika maneno ya Kiingereza yalivyo, na makosa yake ya tahajia, na chini yake tafsiri yangu ya Kiswahili. Tafsiri huwa naibadilisha kadiri ninavyoelewa zaidi. Maneno ya asili siyagusi.

Pakua picha ikiwa masharti ya hifadhi yanaruhusu, maana viungo vya tovuti hubadilika. Ukitaka kuichapisha, soma kwanza kibali kilichoandikwa chini yake. Na ukigundua kosa katika kanzidata, labda jina limewekwa msafara usio wake, watumie ujumbe pamoja na ushahidi.

Anayetaka kuanza leo, afungue kanzidata ya wasafiri, aandike Isaac James, mwaka 1847, kisha ashuke kwenye orodha ya hamsini ya Eldredge na atafute nani kati yao alibeba kalamu.